Alikataa rushwa tu, muujiza uko wapi? Kuhusu fadhila, karama na tabia ya kuzaliwa nayo

Juni 15, 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa Mwenyeheri, ngazi iliyo chini ya Mtakatifu. Alikuwa kijana wa Goma, amesomea sheria, akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa zinazovushwa mpakani. Mwaka 2007 alikataa kupitisha shehena ya mchele ulioharibika. Akapewa pesa afumbe macho, akazikataa. Julai mwaka huo alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Itaje habari hii kijiweni au nje ya kanisa baada ya misa, hutakosa mtu wa kuuliza: "Sasa huyu kafanya muujiza gani? Si alikataa rushwa tu?" Swali la aina hiyo huibuka pia kila ifikapo Oktoba 14, tunapomkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake wa kutangazwa mtakatifu ulianzia Jimbo la Musoma na tangu 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Aliponya nani? Alitokewa na nani?

Swali si la kijinga. Linaonyesha kipimo tulichozoea, kwamba Mkristo aliyeiva tunamtafuta kwenye mambo ya kushtua. Anayenena kwa lugha, anayetabiri, anayemwombea mgonjwa akasimama, huyo ndiye tunasema "yuko vizuri kiroho". Anayerudisha chenji iliyozidi hatumwiti wa kiroho. Tunamwita mtu mzuri, basi, tunaendelea na safari.

Tuanze kwa kulijibu swali lenyewe. Floribert alitangazwa kama mfiadini, yaani mtu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake, na mfiadini hadaiwi muujiza ili awe Mwenyeheri. Kwa asiye mfiadini, kama Mwalimu, njia ni ndefu zaidi. Kabla ya kuulizia muujiza wowote, Kanisa huwahoji watu waliomfahamu na kuchambua maandishi yake, likitaka kujua kama aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Imani yake ilikuwaje? Matumaini yake? Mapendo yake kwa Mungu na kwa jirani? Busara, haki, nguvu, kiasi? Zinapitiwa moja baada ya nyingine. Akivuka hapo anaitwa Mheshimiwa (usichanganye na wa bungeni), na ndipo suala la muujiza linafuata. Kwa hiyo hata Roma kwenyewe hawaanzi na muujiza. Wanaanza na jinsi mtu alivyoishi.

Basi hizo fadhila ni nini?

Mambo manne kwenye kapu moja

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya vitu vinne: silka, karama, fadhila na tunda la Roho.

Silka ni namna ulivyozaliwa. Kuna mtoto asiyelia ovyo tangu siku ya kwanza, na kuna mwenzake anayewaka kama kiberiti. Mtu mkimya si lazima awe mpole, huenda hana tu hamu ya kuongea. Anayecheka na kila mtu si lazima awe na upendo. Silka haina sifa wala lawama. Ni mtaji uliokabidhiwa, na kila mmoja anaanza na wake. Ndiyo maana ile kauli ya "mimi nimezaliwa mkali, nichukulieni hivyohivyo" haina mashiko. Ndiyo, umezaliwa mkali. Swali ni umefanya nini na huo ukali tangu hapo.

Karama ni kipawa ambacho Roho Mtakatifu humpa mtu kwa faida ya wengine. Paulo anataja tisa katika 1 Wakorintho 12, zikiwamo kuponya, unabii, kupambanua roho na aina za lugha. Karama inaweza kuja ghafla, na kuipokea hakumaanishi kwamba umekomaa. Ushahidi ni Wakorintho wenyewe. Walijaa karama, na Paulo bado anawakemea kwa makundi yao, kwa kushitakiana mahakamani, na kwa meza ya Bwana ambayo mmoja anatoka na njaa na mwingine amelewa. Akimaliza kuorodhesha karama anaweka onyo ambalo wengi tunalisoma harusini bila kukumbuka liliandikiwa akina nani: "Nijaposema kwa lugha za wanadamu na za malaika, kama sina upendo, nimekuwa shaba iliayo na upatu uvumao."

Fadhila, kwa maana ya Kikristo, ni mwelekeo wa kudumu wa kutenda mema, uliokaa ndani ya mtu mpaka wema unamtoka kwa urahisi na kwa furaha. Sizungumzii fadhila ya kumtendea mtu hisani, ile ambayo punda huilipa kwa mateke. Ninazungumzia tabia. Haiji kwa usiku mmoja wa mkesha, na tofauti na karama, inasema kitu kuhusu wewe mwenyewe.

Tunda la Roho ni lile la Wagalatia 5:22-23: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Linakaribiana sana na fadhila, na kwa maisha ya kila siku unaweza kuyaona kama jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Ukisema fadhila unamtazama mtu anayejizoeza, na ukisema tunda la Roho unamtazama Yule anayefanya kazi ndani yake. (Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja matunda 12. Si kosa la uchapaji, orodha hiyo inafuata tafsiri ya zamani ya Kilatini. Na yale mapaji saba mtoto anayoyakariri kabla ya Kipaimara ni orodha nyingine kabisa, chanzo chake ni Isaya 11.)

Ukishatenganisha hivi, fumbo moja linalowasumbua waumini linafunguka. Mhubiri ameombea watu wakapona, kisha inagundulika alikuwa anakula pesa za ujenzi au anawanyanyasa wasichana wa kwaya. Watu wanagawanyika. Kundi moja linasema uponyaji ule ulikuwa wa uongo, jingine linasema tuhuma ni za uongo kwa sababu "mtumishi anatumika". Yote mawili yanadhani karama na tabia lazima zitembee pamoja. Yesu hakudhani hivyo. Katika Mathayo 7 wapo wanaomwambia walitabiri, walitoa pepo, walifanya miujiza mingi kwa jina lake. Habishani nao kuhusu miujiza. Anawaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe, ondokeni kwangu, ninyi mtendao maovu."

Mkono unavyojifunza

Mfikirie mwanagenzi wa fundi cherehani. Siku za mwanzo hapewi kitambaa. Anawekewa karatasi, sindano haina uzi, na kazi yake ni kufuata mstari uliochorwa. Mguu unakanyaga kwa pupa, gurudumu linarudi nyuma, mkono unavuta, mstari unakwenda upogo. Kila kitu anakifikiria kwa wakati mmoja. Miezi inapita. Baadaye utamkuta anashona kola huku anabishana bei na mteja, na mshono umenyooka.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu wengi hawayaamini linapokuja suala la roho. La kwanza, matendo ya mwanzo huwa ya kulazimisha, na kulazimisha huko si unafiki. Nasikia mara nyingi: "Siwezi kumsalimia, moyo haupo, nitakuwa mnafiki." Mnafiki ni yule anayesalimia ili aonekane. Anayesalimia kwa sababu anataka chuki imtoke yuko kwenye karatasi bila uzi, anajifunza. La pili, mstari mmoja ulionyooka haumfanyi mtu fundi. Aliyetoa milioni kwenye harambee mbele ya kamera ametenda tendo jema, tumshukuru, lakini bado hatujajua kama ni mkarimu. Tungejua zaidi tukiona anavyomlipa dada wa kazi, na kama anamlipa tarehe ile waliyokubaliana.

Wazo la kwamba wema hujengwa kwa kutendwa halikuzaliwa kanisani. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishafundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda yaliyo ya haki. Thomas wa Akwino alilipokea wazo hilo katika karne ya 13, akaligongesha na swali ambalo Aristotle hakuwa nalo. Na neema je?

Hapa ndipo Wakristo wa madhehebu mbalimbali hutoleana macho, kwa hiyo twende polepole. Thomas alisema ziko fadhila ambazo mtu huzipata kwa mazoezi, na ziko ambazo Mungu humimina mwenyewe. Imani, matumaini na mapendo ziko kundi la pili, ndiyo maana zinaitwa fadhila za Kimungu. Hujifunzi kumwamini Mungu kama unavyojifunza kuamka alfajiri. Mkatoliki anayesali asubuhi Sala ya Imani, ya Matumaini na ya Mapendo anaomba kitu asichoweza kukitengeneza, na anakitumia kwa kukiomba.

Martin Luther alikuwa na hofu ya haki kabisa: watu wakiambiwa wajizoeze wema, wataanza kumwekea Mungu madeni. Akasisitiza kwamba mti huwa mwema kwanza, ndipo matunda yafuate, na matunda hayaufanyi mti kuwa mwema. Mkatoliki naye, akisoma mafundisho ya Kanisa lake vizuri, hawezi kusema kwamba anaununua wokovu kwa tabia njema. Shida iko kwa sisi wa kawaida tunaochukua ukweli huo na kuufanya godoro. "Mungu akitaka nibadilike atanibadilisha." Paulo aliyefundisha neema kuliko wote anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao "kwa kuogopa na kutetemeka", na hapohapo anaongeza: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Sentensi mbili zinazofuatana, na hakuona zinapingana. Petro naye, katika waraka wake wa pili, anatumia maneno ya mtu anayepanga ngazi: katika imani tieni wema, katika wema maarifa, katika maarifa kiasi, katika kiasi saburi, mpaka juu kwenye upendo. Na anaanza kwa kusema "mkijitahidi sana".

Busara na sanduku la kufuli tatu

Mbali na fadhila za Kimungu, mapokeo yanataja nne za msingi ambazo nyingine zinazizunguka: busara, haki, nguvu na kiasi. Zote nne zimo katika Kitabu cha Hekima 8:7, ambacho Biblia wanayotumia Waprotestanti wengi haina. Orodha ikikaa hivyo inasinzisha. Tuipeleke kwenye kikoba.

Akina mama wanakutana Jumamosi. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, wala mtunza sanduku hana hata mmoja. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, wote wanasikia, zinaandikwa, zinafungwa. Mgeni anaweza kuuliza: si mnasali pamoja? Kwani hamuaminiani? Ila mtunza sanduku, hata awe mwaminifu namna gani, ana mtoto anayeweza kupandisha homa saa nane usiku, na sanduku liko chini ya kitanda chake. Kufuli zile zinamlinda yeye kabla ya kulinda pesa. Hiyo ndiyo busara: kuona hali ilivyo kweli, pamoja na udhaifu wako na wa mwenzako, na kupanga njia ya kutenda mema ndani ya hali hiyo. Kila tunaposali "usitutie katika kishawishi" tunakiri kwamba hatuna chuma ndani yetu. Ajabu ni kwamba tunasali hivyo, kisha tunamkabidhi mtu mmoja michango ya msiba kwenye simu yake na kumwambia tunamwamini.

Ibada isiyo na busara inaweza kuua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Kufunga ni zoezi zuri la kale. Thomas aliita busara mwongozaji wa fadhila nyingine kwa sababu hii hasa: ukiitoa, kufunga kunakuwa kifo, utii unakuwa utumwa, na bidii inakuwa ukatili.

Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na mahali pa kuipima ni sokoni. Nyanya zinauzwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Ligeuze uangalie chini. Mara nyingine kitako kimegongwa kwa nyundo mpaka kimeingia ndani, kwa hiyo kopo limejaa huku halijajaa. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na mwuza nyanya huyo huenda ndiye mwimbaji wa sauti ya kwanza Jumapili. Lakini tusimwonee peke yake, maana mnunuzi wa jumla aliyemlazimisha mkulima ajaze lumbesa anakaa viti vya mbele.

Nguvu, ambayo wengine huiita ushujaa, ni kushikilia jema wakati jema lina gharama. Hapo ndipo Floribert anapoeleweka. Kabla ya siku ile ya mchele, alikuwa mtu wa Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki walei, akitumia muda wake kwa watoto wa mitaani wa Goma katika ile wanayoiita Shule ya Amani. Hakuna aliyekuwa anamtazama alipokuwa akikaa nao. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake jijini Kinshasa, Februari 2023, akiwaonyesha kwamba angeweza kabisa kufumba macho, hakuna ambaye angejua, na angepata faida. Kijana anayejiuliza kila wiki mtoto wa mtaani atakula nini, ni vigumu kumwuzia hoja kwamba mchele uliooza ni karatasi tu ya kugonga muhuri. Aliyekataa mwaka 2007 alikuwa amekwisha kutengenezwa miaka mingi nyuma.

Kiasi tumekifanya kuwa suala la pombe, tukakiacha hapo. Mtu hajaonja bia miaka kumi, lakini ujumbe wa kumchafua mwenzake ukifika kwenye kundi la kwaya hawezi kukaa nao dakika mbili bila kuusambaza.

Uvumilivu hauamrishi kukaa kwenye kipigo

Hili nitalikalia kidogo, maana ndilo linaloumiza watu zaidi.

Binti amepigwa na mumewe. Anakwenda kwa mama yake, kwa shangazi, kwa mzee wa kanisa. Anaambiwa: "Vumilia mwanangu, ndoa ni msalaba, omba tu, atabadilika." Anarudi. Maneno yale yamevaa nguo za Injili, kwa hiyo anayeyakataa anajiona anamkataa Mungu.

Uvumilivu wa Kikristo ni kutoacha jema kwa sababu ya ugumu. Mama anayeuguza mtoto mwenye ulemavu miaka yote, mwalimu anayerudia somo kwa darasa la watoto 90, mume anayemsubiri mke wake atoke kwenye huzuni ndefu, hao wanavumilia, kwa sababu kuna jema wanalolishikilia. Kipigo si jema la kushikiliwa. Anayenyamaza ili mwenzake aendelee kutenda dhambi hamsaidii hata huyo mwenzake. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe, ambayo haijulikani kwa ulegevu kwenye mambo ya ndoa, inasema katika kanuni ya 1153 kwamba mmoja wa wanandoa akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye. Ndoa haivunjwi kwa hilo, lakini halazimishwi kulala chini ya paa moja na mtu anayemhatarisha. Mzee wa kanisa anayemrudisha binti nyumbani bila kujua hivyo anafundisha kitu ambacho Kanisa halikukifundisha.

Tumtazame Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu. Hakurudisha kofi. Hakunyamaza pia. "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Yule aliyefundisha kugeuza shavu la pili anamtaka mpigaji atoe hesabu.

Kusamehe nako kumepotoshwa kwa njia hiyohiyo, kana kwamba aliyesamehe amekubali, au amefuta kesi, au lazima arudi kukaa jirani na aliyemdhuru. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista Mkongo aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964, alimkatalia afisa wa waasi aliyetaka kumfanya mke wake, akaendelea kukataa kwa kila nguvu aliyokuwa nayo, na alipokuwa anauawa akamwambia muuaji wake amemsamehe. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Kukataa na kusamehe vilitoka katika kinywa kimoja, na cha pili hakikufuta cha kwanza.

Upole, kwa kifupi: Hesabu 12:3 inasema Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote, na huyo ndiye aliyesimama mbele ya Farao. Na unyenyekevu ni kujijua ulivyo, pamoja na unachokiweza. Mpiga kinanda hodari anayesema "mimi sijui kitu" ili abembelezwe bado anajitafutia sifa, ila kwa mlango wa uani.

Basi inajengwaje?

Wengi huanza mwaka na orodha ya mambo saba, na kufikia Pasaka wamebaki na majuto. Mapokeo ya kale yanashauri uchague moja tu, tena lile dogo linalokurudia kila siku: kutomaliza sentensi ya mwenzako, kumlipa kibarua kabla hajaomba, kutofungua simu mezani. Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, asema Luka 16:10, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Jioni unajikagua. Wakatoliki wana kipimo tayari kwenye sala ya "Nakuungamia", nacho kina vidole vinne: mawazo, maneno, vitendo, na kutotimiza wajibu. Hicho cha nne ndicho wengi hukiruka. Siku nzima hukumtukana mtu, lakini mgonjwa uliyemwahidi kumtembelea bado anakusubiri.

Na hakuna anayejenga hili akiwa peke yake. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Wakagawanywa makundi ya watu kama 12, kila kundi na kiongozi wa kuwapitia kila wiki akikusanya peni moja kwa mtu. Viongozi walipoingia majumbani walikuta mengine: huyu analewa, yule anampiga mkewe, mwingine anaugua na hana wa kumjulia hali. Makundi ya kukusanya deni yakageuka kuwa ya kutunzana roho, na ndiyo yaliyowakuza Wamethodisti. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao uitwao AMECEA, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele miaka ya 1970 kwa nia inayofanana. Nikiangalia baadhi ya jumuiya zetu sasa, naona zinakwenda njia ya Bristol kinyumenyume. Zilianza kwa kutunzana, sasa zinakusanya bahasha. Ukitaka kujua yako iko wapi, angalia kinachotokea mwanajumuiya asipoonekana wiki tatu: anaulizwa hali, au anakumbushwa mchango?

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Buhaya na Kenya, uliongeza jambo ambalo leo tunaliogopa. Waliookoka walikiri makosa yao mbele ya ndugu, wakakiita kutembea nuruni. Halafu wakarudisha. Mtu alikwenda kwa aliyemwibia na kumpa mali yake mkononi. Zakayo alifanya hivyo, na wao hawakuona kwa nini wao wasifanye.

Katika kitubio cha Kikatoliki sharti hilo halijafutwa, ingawa mahubiri yanalitaja kwa nadra. Padre anakuondolea dhambi, lakini aliyeiba bado anadaiwa. Mali irudi kwa mwenyewe. Akiwa amefariki, iende kwa warithi wake. Akiwa hajulikani tena, iende kwa maskini. Kama kurudisha ana kwa ana kutakuletea aibu isiyobebeka, unaweza kuipitisha kwa mtu mwingine, hata kwa padre mwenyewe, bila jina lako kutajwa. Na kama huna ya kurudisha yote leo, unaanza na ulichonacho.